Umepigwa kopiraiti kwa ngoma ya babu yako: unyamaze, ubadilishe sauti au upinge?

Ujumbe wenyewe hauna kelele. Video imepanda, watu wameanza kuangalia, halafu ndani ya YouTube Studio, kwenye safu ya vizuizi, linatokea neno moja: Hakimiliki. Ukibonyeza unakuta jina la wimbo usioujua, jina la kampuni usiyowahi kuisikia, na muda, tuseme 0:42 hadi 2:15. Unarudi kwenye video kuangalia kipande hicho. Ni bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, uwanjani Kisesa. Vijana wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo, wazee wawili wako kwenye ngoma, vumbi limefika hadi kwenye lenzi. Hakuna spika wala redio uwanja mzima. Sauti yote imeingia kwenye maiki yako mwenyewe.

Kwa sisi tunaopiga video Mwanza na vijiji vya kandokando ya ziwa, hilo si jambo la ajabu tena. Ukishadaiwa una njia tatu: unyamaze, ubadilishe sauti, au upinge. Nitazilinganisha kwa vitu vinavyotugusa hasa: pesa, muda, hatari kwa chaneli, na kazi itakavyobaki baada ya hapo. Msimamo wangu nautaja mapema: muziki wa mtu mwingine, badilisha, video ya familia, nyamaza ukitaka, ngoma ya asili uliyoirekodi mwenyewe, pinga kila mara.

Dai ni kitu kimoja, straiki ni kingine

Mtaani tunasema "nimepigwa kopiraiti" kwa mambo mawili yasiyofanana, na wengi wamefuta video nzuri kwa kuyachanganya.

La kwanza ni dai la Content ID. Hii ni mashine ambayo YouTube inaitumia tangu 2007. Wenye muziki na wasambazaji wao huiwekea rekodi zao kama sampuli, nayo inalinganisha kila video inayopandishwa na sampuli hizo, rekodi kwa rekodi, na wakati mwingine hata melodi kwa melodi. Ikiona mfanano, aliyeweka sampuli anakuwa amekwisha kuamua nini kifanyike: video izuiwe, au ibaki hewani lakini pesa za matangazo ziende kwake, au aangalie tu takwimu. Dai la namna hii haliiharibii chaneli rekodi yake.

La pili ni straiki. Hapo kuna mtu amewasilisha ombi rasmi la kuondoa video, kwa utaratibu unaotokana na sheria ya Marekani ya 1998 iitwayo DMCA. Video inashuka, na onyo linakaa kwenye chaneli siku 90. Ukikusanya matatu katika kipindi hicho, chaneli inafungwa na kila kilichomo.

Madai ya mashine ndiyo mengi kupita kiasi. Katika nusu ya kwanza ya 2021 pekee, YouTube ilitangaza kwamba yalipita milioni 722. Yaliyopingwa hayakufika hata 1 kati ya 100, ila kati ya hayo machache yaliyopingwa, asilimia 60 yaliisha kwa ushindi wa aliyepandisha video. Tusidanganyane: hiyo haina maana kwamba asilimia 60 ya madai yote ni batili, maana wanaojisumbua kupinga ni wale wenye sababu. Lakini ni dalili kwamba aliye na sababu akisimama, mara nyingi anashinda. Wengine wote wamekaa kimya, na ukimya wao unahesabika kama kukubali.

Kwanza jiulize sauti ni ya nani

Ukiweka wimbo wa Bongo Fleva chini ya picha za kivuko cha Kamanga, halafu ukadaiwa, dai ni la haki. Msanii amelipia studio, prodyuza amekesha, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda bila wao hata kujisajili popote. Nchi zote za Mkataba wa Berne, Tanzania ikiwemo, zinafuata msingi huo. Kuandika kwenye maelezo ya video "sina haki na wimbo huu, zote ni za mwenyewe" hakukusaidii lolote, na kwa kweli ni kukiri kwa maandishi. Ile habari ya kwamba sekunde kumi hazina shida nayo haipo kwenye sheria yoyote. Kuna ruhusa za kweli, za kunukuu kidogo unapochambua, za kufundishia, za kuripoti tukio, lakini kunogesha video ya mauzo ya sato hakumo.

Biti ya kukodi ni mtihani mwingine. Umelipia biti mtandaoni, risiti unayo, na ghafla unadaiwa. Kilichotokea ni kwamba biti ile ile wamekodishwa watu wengi, na mmoja wao, alipopeleka wimbo wake kwa msambazaji, akaweka alama ya kukubali Content ID. Kuanzia siku hiyo mashine inaamini biti yote ni yake, na wenzake wote waliolipa halali wanageuka wezi. Wasambazaji wengi wanakataza jambo hilo kwenye masharti yao, ila nani anayasoma.

Kisha kuna ngoma ya asili, na hapa ndipo dai linapovuka mpaka hasa. Mtu anachukua kipande cha bugobogobo au wigashe, ngoma nyingine ya Wasukuma, kutoka kwenye video ya mwingine, anakiwekea kiki na besi, anakisambaza kama singo yake. Kipande asilia kikirudi kwenye video ya mtu mwingine, au hata kwenye ile ile alikokitoa, mashine inakidai. Hana haki na ngoma ile. Ana haki, ikiwa anayo, na kile alichokiongeza. Ni sawa na mtu kuchota ndoo moja ya maji ziwani, kisha akafunga kamba mwaloni na kumtoza kila anayekuja kuchota.

Nimewahi kumweleza jambo hili mzee mmoja wa kikundi cha ngoma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mjukuu wangu, huyo anayedai ni Mgika au ni Mgalu?" Kwa asiyejua, Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana Usukumani tangu enzi za mababu, na ushindani wao bado unaonekana kila mwaka kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora. Nikamjibu kwamba huyo hayuko upande wowote, ni kampuni. "Basi hakucheza," akasema, na kwake kesi ikawa imeisha.

Njia ya kwanza: kunyamaza

Ni njia ya bure na ya haraka. Video inabaki kama haikuzuiwa, chaneli haiguswi, na kama hujafikisha masharti ya kulipwa na YouTube, ambayo kwa mapato kamili ya matangazo ni wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90, hakuna shilingi inayokutoka. Video ya send-off ya dada yako Buzuruga, iliyopandishwa ili shangazi walioko Geita waione, ikidaiwa kwa sababu DJ alipiga wimbo ukumbini, wacha. Mwenye wimbo ana hoja, na wewe huna biashara hapo.

Tatizo la kunyamaza linakuja pale dai ni la uongo na kitu kinachodaiwa ni cha wote. Wamarekani wana mfano mzuri kuliko wote. Wimbo wa "Happy Birthday to You" una melodi iliyochapishwa 1893, lakini kampuni ya Warner/Chappell iliendelea kutoza watengeneza filamu mpaka karne hii. Walilipa kwa sababu kulipa kulikuwa nafuu kuliko wakili. Mwaka 2013 mtengeneza filamu Jennifer Nelson, aliyekuwa ametozwa dola 1,500 ili autumie wimbo huo kwenye filamu kuhusu wimbo huo huo, akaenda mahakamani. Mwaka 2015 jaji akasema kampuni haikuwa na haki halali na maneno yale, na 2016 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 14. Kwa miaka yote hiyo kilichokuwa kinaulinda mrabaha ule ni hesabu ya kila mtu peke yake: dola 1,500 na niendelee na kazi zangu.

Hesabu hiyo tunaipiga sisi pia, ila ya kwetu haina hata dola. Tunatoa haki kwa kutobonyeza kitufe.

Njia ya pili: kubadilisha sauti

Ndani ya YouTube Studio unaweza kukata kipande kinachodaiwa, kunyamazisha wimbo, au kuweka mwingine kutoka maktaba yao ya bure. Dai linaondoka lenyewe baada ya mabadiliko kukamilika. Huhitaji kujieleza kwa mtu, hakuna hatari ya straiki, na mapato yanarudi kwako. Kwa wimbo wa watu ulioupachika mwenyewe wakati wa kuhariri, hii ndiyo njia, na sioni sababu ya kupoteza muda na nyingine.

Lakini jaribu kuifanya kwa bugobogobo. Jembe linapaa, linazunguka hewani, linatua mkononi, na hakuna ngoma. Mdundo ndio unaomwambia mchezaji lini arushe na lini adake. Ukiuondoa, mtazamaji anaona watu wanarusha vyuma bila sababu. Ukiweka wimbo wa bure wa maktaba, ule wa gitaa dogo na miluzi unaosikika kwenye matangazo ya bima duniani kote, umefanya kibaya zaidi, maana sasa Wasukuma wanacheza muziki wa mtu asiyejulikana, na mtoto wa Dodoma atakayeiona ataamini ndivyo ilivyo.

Hapa ndipo ubunifu unapoumia kuliko kwenye pesa. Mtu akishadaiwa mara mbili kwa kitu alichokirekodi kwa mkono wake, mara ya tatu hasubiri. Anafika uwanjani akiwa amekwisha kuamua kwamba sauti ya hapo hataitumia. Haji na maiki nzuri, kwa nini aje nayo? Angalia video za utalii wa Mwanza zinavyofanana kwa masikio: Jiwe la Bismarck, miluzi, kisiwa cha Saanane, miluzi, dagaa wanaanikwa Ukerewe, miluzi. Hakuna aliyewakataza kutumia sauti za mwaloni Kirumba, wachuuzi wanavyopishana kwa lugha tatu na injini za mitumbwi zinavyokohoa. Wamejikataza wenyewe, kwa kuogopa mashine. Wala woga huo si wa bure: mwanamuziki wa Australia, Sebastian Tomczak, alipandisha video ya saa 10 ya mvumo mtupu, sauti ile ya redio isiyoshika stesheni, aliyoitengeneza mwenyewe, na mwanzoni mwa 2018 ikawa imedaiwa mara tano. Kama mvumo una wenyewe, ngoma itapona vipi?

Facebook na TikTok nitapita haraka. Facebook mara nyingi inanyamazisha kipande bila maneno mengi. TikTok, ukiwa na akaunti ya biashara unapewa maktaba yake ya nyimbo za kibiashara, na ruhusa ya huko inabaki huko. Wimbo uliouchagua ndani ya TikTok ukiuhamishia YouTube, umeuhamisha bila ruhusa yake.

Njia ya tatu: kupinga

Hii ina hatua, na kila hatua ina bei yake, kwa hiyo ijue kabla hujaianza.

Unaanza na pingamizi. Unachagua sababu, unaandika maelezo, unatuma, na anayedai anapewa siku 30. Akikaa kimya, dai linakufa. Kama unalipwa na YouTube, fanya haraka: ukipinga ndani ya siku 5 tangu dai lilipotokea, mapato yote tangu siku ya kwanza yanawekwa pembeni mpaka kesi iishe, na mshindi anayachukua. Ukichelewa, yanaanza kuwekwa siku uliyopinga. Ya nyuma yamekwenda.

Akikataa pingamizi lako, unakata rufaa, na hapo anapewa siku 7 tu. Kama video ilikuwa imezuiwa kabisa, unaweza kuruka pingamizi na kwenda rufaa moja kwa moja. Ila rufaa ndiyo mahali pa kuvuta pumzi, kwa sababu anayedai akiendelea kushikilia, kinachobaki kwake ni kuomba video iondolewe, na hapo straiki inaingia. Mpaka kwenye rufaa ulikuwa unabishana juu ya dai la mashine. Sasa unabishana na mtu aliyesaini.

Ikifika huko, hatua ya mwisho ni hati ya kisheria ya kupinga kuondolewa. Inataka jina lako kamili na anwani yako, na vyote vinapelekwa kwa anayekudai. Unatakiwa pia kukubali mamlaka ya mahakama ya Marekani kama atataka kukushtaki. Anapewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi; asipoonyesha, video inarudi. Kwa mtu wa Igoma sentensi ile kuhusu mahakama ya Marekani inatisha, na nadhani kutisha ndiyo kazi yake kubwa. Hata hivyo si ya kutia sahihi kwa hasira. Itumie pale tu ushahidi wako hauna tundu.

Ushahidi wenyewe hauhitaji ofisi. Mali bila daftari huisha bila habari: tunza faili ghafi kutoka kwenye kamera, zile zenye tarehe na zinazoonyesha mikono ikipiga ngoma sauti ikiwa hai, tunza karatasi ya ridhaa ya kikundi, hata kama ni ukurasa wa daftari wenye sahihi ya kiongozi, piga picha ya uwanja. Ridhaa ya kikundi usiipuuze. Sheria yetu ina neno hakishiriki kwa ajili ya watu kama wale, wachezaji na wapigaji, na kurekodi kwako hakukufanyi uwe mwenye ngoma. Tena sheria hiyo hiyo ina sehemu ya sanaa za jadi, na inaitaja BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama mahali pa kuombea kibali zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila. Ukiwa na karatasi hizo, umemzidi anayekudai, ambaye mara nyingi hana hata moja.

Kwenye kisanduku cha maelezo usiandike barua ya manung'uniko. Andika hivi, kwa Kiingereza chepesi kama kampuni ni ya nje: "Sauti hii nimeirekodi mwenyewe, moja kwa moja, Kisesa, mkoani Mwanza, tarehe fulani. Ni ngoma ya asili ya Wasukuma, haina mtunzi mmoja anayejulikana. Hakuna rekodi ya mtu mwingine iliyotumika. Faili ghafi na ridhaa ya kikundi ninazo." Inatosha. Kwa biti ya kukodi, taja jina la biti, aliyekukodisha, tarehe ya risiti, na sema wazi kwamba leseni haikuwa ya mtu mmoja.

Usishangae pingamizi la kwanza likikataliwa, hata uwe na haki kiasi gani. Mpiga piano wa Uingereza, James Rhodes, alijirekodi 2018 akipiga muziki wa Bach, ambaye alifariki 1750, na Sony Music ikadai sekunde 47 za kinanda chake. Akapinga, wakakataa. Waliachia baada ya yeye kulipeleka jambo hadharani na watu kupiga kelele. Hakimiliki ya Bach haipo duniani; kwa sheria ya Tanzania kazi inalindwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kisha ni ya wote.

Kwa hiyo, ukizipanga bega kwa bega

Kwa muda, kubadilisha kunaisha siku hiyo hiyo, kupinga kunaweza kula zaidi ya mwezi. Kwa pesa, kunyamaza ndiko kunakopoteza, kidogo kidogo na bila mwisho. Kwa hatari, kunyamaza na kubadilisha hakuna. Kupinga kuna hatari kidogo kwenye hatua ya kwanza, maana hata hapo anayedai anaweza kuomba video iondolewe, ila hatari kubwa iko baada ya rufaa. Kwa kazi yenyewe, ni kupinga tu kunakoiacha ilivyo, yenye sauti yake na bila mwenyewe wa uongo.

Kama chaneli yako ni changa na una video nyingi zinazodaiwa kwa pamoja, usizikatie rufaa zote mara moja. Tatu zikigeuka straiki ndani ya siku 90 umekwisha. Chagua moja, yenye ushahidi mzito kuliko zote, ifikishe mwisho, kisha uende kwenye nyingine.

Na ukitaka kupunguza madai kabla hayajaja, mlipe prodyuza wa hapa hapa akutengenezee biti yako peke yako, na mwandikiane kwamba ni yako peke yako. Itakugharimu zaidi ya ile ya kukodi, sikatai. Lakini ukidaiwa, aliyeitengeneza unamfuata kwa daladala, na projekti ya biti iko kwenye kompyuta yake, kila ngoma na kila kinanda kwenye mstari wake.

Siku ukitengeneza singo yako mwenyewe ukaweka bugobogobo ndani, na msambazaji akakuuliza kama unataka Content ID, kataa. Kisanduku kile ukikiwekea alama, wa kwanza kudaiwa atakuwa kijana mwingine aliyesimama na simu uwanjani Bujora.